Zana za Mhandisi na Mikono Inayozishika

Tarehe 17 Julai 2025 kampuni ya Kimarekani iitwayo Synopsys ilikamilisha ununuzi wa kampuni nyingine ya nchi iyo hiyo, Ansys, kwa kima kilichotajwa kuwa takriban dola bilioni 35. Machi ya mwaka huo Siemens ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuimeza Altair kwa dola bilioni 10 hivi. Septemba ikafuata Cadence, nayo pia ya Marekani, ikatangaza kwamba imeafikiana na kampuni ya Hexagon kulinunua tawi lake la usanifu na uhandisi, ambalo ndani yake imo MSC Software. Habari hizi zilipita kwenye kurasa za biashara kama zipitavyo habari nyingine za matajiri kununuana, na wengi wetu tukageuza ukurasa. Ningependa msomaji, hususan yule afundishaye au asomaye hisabati, fizikia na uhandisi, aurejelee ukurasa huo pamoja nami, kwa kuwa kilichouzwa hapo si bidhaa ya kawaida. Kilichouzwa ni zana ambazo wahandisi wa ulimwengu huzitumia kuamua kama daraja litasimama, kama bawa la ndege litahimili mtikiso, na kama pampu ya moyo itaiharibu damu inayoipitisha.

Programu hizi huitwa za uigaji. Kazi yake ni kuiga ndani ya tarakilishi yale ambayo maumbile yangekitenda kitu ambacho bado hakijaundwa. Hapo awali kila tawi la fizikia lilikuwa na programu yake: hii ya mikazo katika chuma, ile ya joto, nyingine ya mwendo wa maji na hewa, na nyingine tena ya umeme na sumaku. Zinazogombaniwa leo ni zile ziwezazo kuyakokotoa mambo hayo yote kwa pamoja, ilhali kila moja linaliathiri jingine. Kwa kukosa neno lililozoeleka, tuiite fizikia unganishi.

Haja yake si ngumu kueleweka. Tazama transfoma iliyoangikwa juu ya nguzo pale sokoni. Umeme ukipita katika nyaya zake za shaba, nyaya hupata joto. Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Na ukinzani ukiongezeka, joto nalo huzidi. Mafuta yaliyomo ndani huanza kupanda na kushuka yakilichukua joto hilo hadi kwenye kuta, na kuta hulitoa hewani. Nyaya hutanuka, husukumana kwa nguvu za sumaku, na ule mvumo tuusikiao usiku ni dalili ya chuma kutikisika. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaijua kila sura ya kisa hiki, kwa maana kila moja imo kitabuni mwake. Asichofundishwa ni kwamba sura hizo zote hutokea kwa wakati mmoja, na kwamba jibu la sura ya joto ndilo swali la sura ya umeme.

Gharama ya kuzitenganisha sura hizo ilikwisha kulipwa. Julai 1940 daraja la Tacoma Narrows lilifunguliwa katika jimbo la Washington, Marekani, na tarehe 7 Novemba mwaka uo huo likaporomoka katika upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa. Waliolisanifu hawakuwa wajinga. Waliuhesabu upepo kama nguvu tuli inayosukuma ubavu wa daraja, na kwa hesabu hiyo daraja lilikuwa imara. Hawakuhesabu kwamba daraja likijipinda kidogo hubadilisha namna upepo unavyolipita, na upepo uliobadilika huzidi kulipinda. Upepo na chuma walikuwa wakizungumza, nao wasanifu walimsikiliza mmoja tu.

Ukokotoaji wa namna hii hauwezekani kwa kalamu na karatasi ila katika maumbo mepesi. Njia iliyotumika ni kukigawanya kitu kizima katika vipande vidogo vidogo, maelfu au mamilioni, kila kimoja kikiwa na milinganyo sahili, kisha kuviunganisha vyote na kuitatua milinganyo hiyo kwa mkupuo. Mwanahisabati Richard Courant alikwisha kulidokeza wazo hilo mwaka 1943. Wahandisi waliokuwa wakitafiti mabawa ya ndege katika kampuni ya Boeing walilifanyia kazi na kulichapisha mwaka 1956, na mmoja wao, Ray Clough, akaipa njia hiyo jina la elementi zenye kikomo mwaka 1960. Katika miaka ya 60 shirika la anga la Marekani, NASA, liligharimia uundaji wa programu kubwa ya kukokotoa mikazo, ikaitwa NASTRAN. Mwaka 1970 John Swanson, mhandisi aliyetoka kampuni ya Westinghouse, alianzisha biashara yake karibu na Pittsburgh, na hiyo ndiyo ikaja kuwa Ansys. Huko Stockholm, COMSOL ilianzishwa mwaka 1986, na programu yake ya fizikia unganishi ikatoka mwaka 1998.

Hapa pana jambo lipasalo kutazamwa kwa makini. NASTRAN ilizaliwa kwa fedha za umma. Kampuni kadhaa zikauza matoleo yake, na kubwa miongoni mwazo ilikuwa MSC, mojawapo ya zile zilizopewa kazi ya kuiunda. Mwaka 1999 MSC ikawanunua washindani wake wawili waliokuwa wakiuza matoleo ya hali ya juu ya programu iyo hiyo. Tume ya biashara ya Marekani iliishtaki mwaka 2001, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa sharti kwamba MSC itoe nakala ya programu yake kwa mshindani, ili soko lisibaki na muuzaji mmoja. Nakala hiyo ilipita mikononi mwa kampuni moja hadi nyingine, na tangu mwaka 2007 imo mikononi mwa Siemens. Kwa hivyo kile kilichogharimiwa na mlipa kodi wa Marekani ili ndege na vyombo vya anga visivunjike kimekuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa, na serikali ililazimika kufungua mashtaka ili kirudi kuwa na wauzaji wawili.

Safari hii wadhibiti nao hawakulala. Marekani, Ulaya, Uingereza na China zote ziliuchunguza ununuzi wa Ansys, na vipande vya biashara hizo mbili vikaamriwa viuzwe kwa kampuni ya tatu kabla ya ndoa kufungwa. Wala sisemi kwamba ndoa yenyewe haina mantiki. Synopsys hutengeneza programu za kusanifia vipande vya silikoni viliwavyo ndani ya simu na tarakilishi. Siku hizi vipande hivyo hupangwa tabaka juu ya tabaka, na joto la tabaka la chini hukosa pa kutokea; hupanuka, hujikunja na kukatika viunganishi vyake. Msanifu wa saketi hawezi tena kumwachia mwenzake hesabu ya joto. Anazihitaji zote mbili katika dirisha moja. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini hoja iliyo ya kweli kwa mnunuzi yaweza kuwa na sura nyingine kwa yule aliye mbali na meza ya mapatano.

Na aliye mbali alikwisha kuonyeshwa. Juni 2020 vyuo vikuu viwili vya mji wa Harbin, China, viliamka na kukuta programu ya MATLAB, ambayo wanafunzi wao walikuwa wakiitumia darasani na katika tasnifu zao, haiwafungukii tena. Serikali ya Marekani ilikuwa imevitia vyuo hivyo katika orodha ya wasiouziwa. Mwishoni mwa Mei 2025 barua nyingine zilitumwa kwa Synopsys, Cadence na Siemens kuwaamuru wasiwauzie Wachina programu za kusanifia silikoni. Amri hiyo ikaondolewa mapema Julai, baada ya majuma matano hivi, kufuatia mapatano ya kibiashara. China ina nguvu ya kujibizana, nayo ilijibizana. Je, sisi tungejibu kwa nini? Sidai kwamba Kenya inakaribia kutiwa katika orodha yoyote. Nasema tu kwamba leseni si mali. Leseni ni ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ndiye mwenye kuiondoa, iwe kwa amri ya serikali yake, kwa kupandisha bei, au kwa kuamua kwamba toleo la vyuo halina faida tena baada ya kununuliwa.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya mbali. La hasha. Karibu nusu ya umeme unaozalishwa nchini hutoka katika mvuke wa ardhini, na mvuke huo hauendeshwi kwa kubahatisha. Chini ya Olkaria maji moto hupita katika nyufa za mawe, hugeuka mvuke shinikizo lishukapo, hupoa yarudishwapo ardhini, na mwamba wenyewe hubadilika kadiri joto linavyotolewa. Hiyo ni fizikia unganishi katika umbo lake kamili. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, na katika mwongo uo huo wanasayansi Gudmundur Bodvarsson na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, wakishirikiana na wataalamu wa Iceland na wa hapa kwetu, waliiga mashariki ya Olkaria ndani ya tarakilishi ili kukadiria visima vingetoa mvuke kiasi gani na kwa muda gani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1987. Wakenya wengi wamekwenda Iceland tangu hapo kujifunza sanaa hiyo, na wakarudi nayo. Huu ni mfano ambao sijui kwa nini haumo katika vitabu vyetu vya fizikia, badala ya vile visa vya theluji na reli za Ulaya.

Lakini kumiliki zana ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni kichwa cha aishikaye, na juu ya hili hakuna kisa kifundishacho kuliko kile cha Sleipner A.

Hilo lilikuwa jukwaa la kuchimbia gesi katika Bahari ya Kaskazini. Kitako chake kilijengwa kwa zege karibu na mji wa Stavanger, Norway: matangi 24 marefu yaliyoshikamana kama masega, manne kati yake yakiendelea juu kuwa nguzo. Tarehe 23 Agosti 1991 kilikuwa kikizamishwa polepole ndani ya ghuba kwa majaribio, kabla ya kuvishwa sakafu yake ya juu. Kilipofika kina cha mita 65 hivi mlio mkubwa ukasikika, maji yakaanza kumiminika ndani, pampu zikashindwa, na jengo zima likazama. Lilipogonga sakafu ya ghuba vipimo vya matetemeko viliandika tetemeko la kiwango cha 3. Watu waliokuwamo waliokolewa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700 hivi, na kilichobaki chini kilikuwa rundo la kifusi.

Uchunguzi ulionyesha nini? Baina ya matangi yaliyoshikamana palikuwa na nafasi ndogo za pembetatu, zilizo wazi kwa bahari, ambamo maji yaliingia na kuzisukuma kuta za matangi. Wahandisi walikuwa wamelikokotoa jengo kwa NASTRAN, programu ile ile tuliyoisimulia. Programu haikukosea hata kidogo. Ila vipande walivyoligawia jengo katika pembe hizo vilikuwa vikubwa mno na vimepindika, na kwa sababu hiyo nguvu ya kukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukasanifiwa mwembamba kuliko ulivyostahili, na vyuma vilivyowekwa ndani yake havikufika palipohitajika. Baada ya ajali hesabu ilirudiwa kwa vipande vidogo na kwa uangalifu, ikasema kwamba ukuta ungepasuka katika kina cha mita 62. Ulipasuka katika mita 65.

Sasa, mwalimu, iandike hesabu hii ubaoni. Kina cha mita 65, uzito wa maji wa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, mvutano wa dunia 9.8. Zidisha. Shinikizo ni kilopaskali 637, yaani kila mita mraba ya ukuta inasukumwa kana kwamba imebebeshwa tani 65. Lizidishe kwa nusu ya upana wa ukuta, nawe umepata makadirio ya nguvu inayotaka kuukata ukuta huo karibu na ukingo wake. Hesabu hii haihitaji NASTRAN wala leseni ya kampuni yoyote, na mwanafunzi anayejua fomula ya shinikizo la kiowevu anaifikia kwa dakika tano. Lau mtu mmoja angeiweka kando ya jibu la tarakilishi, tofauti ya asilimia 47 ingempigia kelele.

Tarakilishi za leo hutoa picha za kupendeza: nyekundu penye mkazo mkubwa, samawati penye mdogo. Picha hiyo hutoka ingawa vipande ni vibovu. Hutoka ingawa mtumiaji aliandika milimita mahali pa mita. Hutoka hata pale ambapo ameusahau upepo. Mwaka 1991 angalau ilihitajika timu ya wataalamu ili kukosea hivyo. Siku hizi kijana mmoja na kipakatalishi chake aweza kukosea vivyo hivyo kabla ya chakula cha mchana. Nimewaona wanafunzi wa uhandisi wakiitetea picha kwa kusema kwamba programu ni ya kimataifa.

Kwa sababu hiyo mjadala wa hisabati shuleni haukuwa mjadala wa walimu wa hisabati peke yao. Ilipopendekezwa kwamba somo hilo liwe la hiari katika sekondari pevu, wengi walipinga, na Aprili 2025 wizara ikatangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati ya namna moja au nyingine, ile nzito ikibaki kwa walio katika mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi. Uamuzi huo niliuunga mkono na ningali nauunga. Walakini kuwa na somo kwenye ratiba si sawa na kulifundisha. Kukadiria jibu kabla ya kulikokotoa ni ustadi ambao mitihani yetu haiuthamini, maana mtahini hutoa alama kwa jibu sahihi na hatua zake, si kwa aliyegutuka kuona jibu halilingani na akili.

Basi vyuo vifanye nini? Zipo programu huria, ambazo yeyote aweza kuzichukua, kuzisoma zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Elmer, iliyoundwa na kituo cha tarakilishi cha CSC cha Finland na kuwekwa huria mwaka 2005, ni ya fizikia unganishi tangu asili yake. Shirika la umeme la Ufaransa, EDF, limeitoa Code_Aster bila malipo tangu mwaka 2001, nalo huitumia lenyewe katika mitambo yake ya nyuklia. Kwa hivyo asiwepo wa kusema kwamba cha bure ni cha mchezo. OpenFOAM, ya mwendo wa viowevu, ilitoka Imperial College, London, ikawekwa huria mwaka 2004. Hizi hazifungwi kwa barua.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja. Programu hizi ni ngumu kuzianza, maelezo asilia ya baadhi yake ni ya Kifaransa, na ukikwama hakuna ofisi ya kupiga simu. Waajiri nao hutangaza kazi kwa majina ya bidhaa, na mhitimu asiyeitaja Ansys katika wasifu wake huachwa nje ya orodha. Isitoshe, kampuni kubwa huwapa wanafunzi toleo la bure lenye mipaka ya ukubwa wa kazi, na ni upumbavu kulikataa. Nalitazama toleo hilo kama kitabu cha kuazima: msomeni, lakini maktaba msiijenge juu yake. Mwanafunzi aanze na hesabu ya mkono, ahamie programu huria ambayo ndani yake anaweza kuiona milinganyo ikitatuliwa, kisha ajifunze ile ya kibiashara katika mwaka wa mwisho. Aliyepitia njia hiyo huizoea programu ngeni kwa majuma machache. Aliyefundishwa vitufe peke yake huanza upya kila kampuni inaponunuliwa na vitufe kuhamishwa.

Kazi za kujaribia hazitafutwi mbali. Jiko la makaa lenye kigae cha udongo, lile lililo katika kila mtaa, lina moto, hewa inayopanda, udongo unaopokea joto na bati linalotanuka kuliko udongo. Ndiyo maana kigae hupasuka. Kuliiga kwa Elmer kwahitaji tarakilishi ya kawaida, na jibu lake laweza kuhakikiwa kwa kipimajoto na jiko lenyewe.

Kuhusu leseni ambazo vyuo tayari vimezilipia, au vinakaribia kuzilipia, wakuu wa idara wana maswali ya kumwuliza muuzaji kabla ya kutia saini. Faili za wanafunzi zitafunguka mkataba ukiisha? Bei ya mwaka wa tatu imeandikwa wapi? Kampuni ikibadilisha mwenyewe, nani anaulinda mkataba? Na programu hiyo itaendelea kufanya kazi kwa muda gani iwapo mtambo unaoikagua leseni, ulio ng'ambo, utakoma kuijibu?